Kosa la Kugeuza Trei kwa Macho

Trei haigeuzwi. Katika nchi ya Mstarini hakuna mtu asiyeijua sheria hiyo, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana yake. Ukipanga vitu katika mistari mitatu, kila mstari vitu vinane, umepanga tatu mara nane, na tatu mara nane vitabaki kuwa hata uvile, uviuze au uvizike. Nane mara tatu ni jambo jingine. Lina jedwali lake, lina mwaka wake wa kufundishwa, na lina mlinzi wake anayelipwa na serikali. Sheria hii niliikuta imeandikwa kwa rangi nyeusi juu ya mlango wa zahanati, kwenye lango la soko, na katika ukuta wa kila darasa nililoingia.

Nilikaa nchini humo wiki sita, mgeni wa Mwalimu Felista Ngwembe, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifundisha darasa la tatu. Alinipokea kwa heshima kwa sababu nami nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minane. Nayaeleza haya kama nilivyoyaona. Kama yamo ya kuchekesha, si mimi niliyeyatia.

Elimu ya Mstarini imepangwa kwa utaratibu ambao mwanzoni niliusifu. Darasa la kwanza hujifunza jedwali la moja, na halijifunzi kingine. Mwaka mzima watoto huimba kwamba moja mara moja ni moja, moja mara mbili ni mbili, na mwisho wa mwaka hufanya mtihani, na wapo wanaofeli. Darasa la pili hupewa jedwali la mbili, la tatu jedwali la tatu, na kuendelea hivyo hadi darasa la saba, ambako shule nyingi huishia. Jedwali la nane hufundishwa katika shule mbili tu za nchi nzima, na la tisa hutolewa kwa wale wanaoandaliwa kwa kazi za ukaguzi. Mwananchi wa kawaida akitaka kujua nane mara kitu chochote humwandikia barua Mlinzi wa Nane, naye hujibu baada ya siku kumi na nne, kwa mhuri.

Wakati nilipokuwa huko, Mlinzi wa Nane alikuwa likizo. Nilimkuta mwashi mmoja ameketi juu ya rundo la matofali, mikono kifuani, na ukuta wa ghala umesimama nusu. Aliniambia anangoja kujibiwa nane mara sita.

"Je, sita mara nane unaijua?" nilimwuliza.

"Arobaini na nane," alijibu papo hapo. "Hiyo nilisoma darasa la sita, mzee wangu, na nilikuwa wa kwanza. Lakini siyo niliyoulizwa."

Sikumcheka. Nilikuwa nimesoma katika shule ya misheni ambako mtoto hakugusa ukurasa wa kumi na mbili kabla padri hajaupitisha wa kumi na moja, na utaratibu ule ulitulea. Jioni ile nilimwambia Mwalimu Felista kwamba nchi yao ina nidhamu. Alinitazama kidogo, akanimiminia chai.

"Unajua ilianzia wapi?" akaniuliza.

Ilianzia zahanati. Zamani za bibi yake, tabibu aliandika kwamba mgonjwa ameze vidonge vitatu kwa siku, kwa siku nane. Mgonjwa alikuwa na haraka ya kupona akasafiri. Akageuza: vidonge vinane kwa siku, kwa siku tatu. Walimzika siku ya nne. Baraza likakaa, likatunga sheria kwamba agizo la tabibu lisigeuzwe, na hakuna mwenye akili aliyeipinga. Mwaka uliofuata wauza mayai wakaomba nao walindwe na sheria hiyo, kwa kuwa hawakutaka kuonekana kwamba mali yao ni duni kuliko dawa. Kisha wauza miche. Kisha mkaguzi mmoja akauliza ni vipi watoto watakavyoiheshimu sheria ukubwani ikiwa hawakuionja udogoni, na hapo ikaingia darasani.

"Tangu hapo hakuna aliyekufa kwa kugeuza vidonge," alisema Mwalimu Felista.

"Basi ni sheria njema," nikasema.

"Hakuna aliyesema ni mbaya," akajibu, akaondoa vikombe.

Nilikuwepo darasani siku kosa lilipotendeka, kwa hiyo naweza kulishuhudia. Darasa lilikuwa na watoto themanini na watatu, na madawati ya watoto hamsini. Sheria inaagiza kwamba watoto wote wakae mbele ya meza ya mwalimu, wakiitazama trei kutoka upande mmoja. Lakini sheria haikujenga madawati, na watoto wasiopata nafasi walikuwa wameketi sakafuni kando ya ukuta, ubavuni mwa meza. Miongoni mwao alikuwa Zawena, msichana wa miaka tisa, yatima aliyelelewa na bibi yake. Mkaguzi wa Mistari, Bwana Kaditi, alikuwa ameketi nyuma na daftari lake. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye viatu vilivyopigwa rangi vizuri.

Mwalimu Felista aliweka trei ya mbao juu ya meza na kupanga vizibo vya chupa za soda: mistari mitatu, kila mstari vizibo vinane.

"Tatu mara nane?" aliuliza.

"Ishirini na nne!" darasa lilinguruma.

"Nani ana swali?"

Katika nchi ile swali hilo huulizwa kwa sababu limo katika andalio la somo, na haitarajiwi ajitokeze mtu. Zawena akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi kutoka hapa nilipo naona mistari minane. Kila mstari una vitatu. Na vizibo ni vile vile. Kwa hiyo na nane mara tatu ni ishirini na nne, sivyo?"

Mtoto mmoja wa dawati la mbele alifunika masikio. Mwalimu Felista alisimama na chaki mkononi, na niliona usoni mwake kitu ambacho mimi, mwalimu wa zamani, nakifahamu: furaha ya kumwona mtoto ameelewa, ikifuatwa nyuma kwa nyuma na hofu.

Bwana Kaditi aliinuka taratibu. "Umeigusa trei, binti?"

"Hapana, Bwana Mkaguzi. Shikamoo."

"Marahaba. Uliigeuzaje basi?"

"Sikuigeuza. Nilikuwa nimekaa tu."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Baadaye nilisoma shtaka lenyewe: kwamba mtuhumiwa, akiwa wa darasa la tatu, aligeuza trei kwa macho, akadokoa jibu moja la jedwali la nane miaka mitano kabla ya haki yake.

Kesi ilisikilizwa baada ya siku tatu, mbele ya Hakimu aliyekuwa na sifa ya haki, na nakiri kwamba alijitahidi kuitenda. Jambo la kwanza alilotaka kulijua ni kama inawezekana kugeuza trei kwa macho. Aliamuru trei iwekwe mezani kama ilivyokuwa siku ile, kisha akauliza mtoto alikuwa ameketi wapi, akashuka kitini aende akae pale apate kuhakikisha. Watu wote mahakamani wakainamisha nyuso. Karani akamkimbilia na kumnong'oneza kwamba Mheshimiwa alikuwa karibu kutenda kosa lile lile. Hakimu akamshukuru. Akafumba macho, akashikwa mkono na karani, akaongozwa mpaka sakafuni ubavuni mwa meza, akakaa pale kwa kitambo cha kutosha, akarudishwa kitini, akafumbua.

"Nimekaa mahali pale pale," alisema, "na sikuona lolote la kumtetea mshtakiwa."

Mwendesha mashtaka akasimulia habari ya mgonjwa aliyezikwa siku ya nne. Aliisimulia vizuri, na wanawake wengine walijifuta machozi, ingawa marehemu alikuwa amefariki kabla hawajazaliwa. Kisha Hakimu akamwuliza Zawena kama ana la kusema.

"Nina swali, Mheshimiwa."

"Uliza, lakini lisiwe la nane."

"Yule marehemu alimeza vidonge vingapi?"

Hakimu akamtazama karani. Karani akafungua jalada. "Ishirini na vinne," alisoma. "Chupa ilikutwa tupu."

"Na kama angefuata maneno ya tabibu, angemeza vingapi hadi mwisho?"

Karani alifunua kurasa, akafunga jalada, akalifungua tena. Hakimu hakumhimiza. Mwishowe mwendesha mashtaka akasimama.

"Mheshimiwa, mtoto anataka kutuambia kwamba marehemu hakufa."

"Hapana," alisema Zawena. "Alikufa kwa kuwa alimeza vingi kwa siku moja. Lakini chupa haikuongezeka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akatolewa nje.

Ndipo nilipoitwa mimi, kama mgeni mwenye ujuzi, nikaapishwa. Hakimu aliniuliza kama katika nchi yangu trei hugeuzwa.

"Kwetu hakuna sheria ya trei," nilijibu.

"Mtoto wenu akiulizwa tatu mara nane, akaandika nane mara tatu, na jibu akapata sawasawa, hupewa nini?"

Nilikuwa nimeapa. "Walimu wengine humpa kosa."

"Kwa sheria gani?"

"Hakuna sheria, Mheshimiwa. Ni kwa kalamu nyekundu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Nimewapa wengi," nikasema. "Wengine niliwachapa."

Mnong'ono wa kuridhika ulienea mahakamani. Hakimu aliandika kwamba shahidi mgeni amethibitisha kuwa desturi ya Mstarini inafuatwa hata na mataifa yasiyo na sheria. Niliteremka kizimbani. Mwalimu Felista hakunitazama, wala sikumlaumu.

Zawena alipatikana na hatia. Hakimu alieleza kwa upole kwamba sheria haiulizi kama jibu ni la kweli. Inauliza kama limetolewa na mwenye haki nalo. Adhabu ya kosa hilo ni moja tangu zamani, nayo huitwa Chimbo la Tofauti. Mkosaji huchimba mashimo nyuma ya mahakama kwa mpango aliougeuza, kisha huchimba tena kwa mpango aliopaswa kuuheshimu, ili mgongo wake ujifunze kile ambacho macho yalikataa. Baada ya hapo hutamka mbele ya mkaguzi kwamba ameona tofauti. Akitamka, hurudi darasani siku ile ile. Asipotamka, hukaa nyumbani mpaka umri wa jedwali alilolidokoa. Kwa Zawena hiyo ilikuwa miaka mitano, na kila mtu alifahamu kwamba msichana aliyekaa nyumbani miaka mitano harudi.

Jioni ile bibi yake, Bibi Mwanaisa, alikuja kwa Mwalimu Felista akiwa amemshika mtoto mkono. Alikaa mkekani, akakataa chai.

"Mjukuu wangu anasema hatatamka," alisema. "Nimembembeleza, nimemgombeza, nimechoka. Anasema hajaona tofauti yoyote, na mwalimu wake alimkataza uongo. Haya, mwalimu si huyu hapa? Mwambie aseme!"

Mwalimu Felista alikunja na kukunjua pindo la khanga yake. "Zawena, ni maneno mawili tu, mwanangu."

"Nimeona tofauti," alisema mtoto. "Hayo ndiyo. Lakini siioni."

"Sema tu!" Bibi Mwanaisa akapaza sauti. "Neno moja halivunji jino! Mimi nimesema maneno mangapi ya uongo mbele ya wakaguzi, na meno yangu haya hapa." Kisha akanigeukia. "Mzee, wewe ni mtu mzima, umesomeshwa na mapadri. Mtoto atakusikiliza. Mwambie kwamba si dhambi."

Kilikuwa kitu chepesi. Mtoto alinikodolea macho akingoja, na ningesema neno moja tu angelala kwa amani, na kesho kutwa angekuwa darasani. Lakini nililelewa kuamini kwamba mkubwa akimfundisha mdogo uongo mmoja, amemfundisha njia ya kutengeneza uongo wote.

"Siwezi kumwambia hivyo, dada yangu," nikasema. "Zawena, usitamke ambacho hujakiona. Lakini ukitazama, tazama kweli. Usikatae kuona kwa ukaidi."

"Basi utamlea wewe hiyo miaka mitano," alisema Bibi Mwanaisa, akasimama, akamvuta mtoto wakaondoka. Mwalimu Felista alizima jiko.

Adhabu ilianza keshokutwa yake, saa moja asubuhi. Kiwanja cha nyuma ya mahakama, kilichopakana na shule, kilikuwa cha udongo mwepesi, uliochimbwa na kufukiwa na vizazi vya wakosaji mpaka ukawa laini kama unga. Bwana Kaditi alisimamia, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alikuwa na fomu mbili zenye maandishi sawa, moja ya ofisi na moja ya mkosaji. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia mtoto. Bibi Mwanaisa alileta uji, akakaa juu ya jiwe kwa mbali, akiwa amenipa mgongo.

Zawena alichimba kwa jembe dogo lenye mpini uliokatwa. Mashimo matatu mstari wa kwanza, matatu wa pili. Alikuwa hapumziki isipokuwa kunyoosha mistari. Shimo likipinda alirudi kulirekebisha. Kufika saa nne, mistari minane ya mashimo matatu matatu ilikuwa imekamilika, na sijaona daftari la mwanafunzi lililonyooka kuliko kiwanja kile. Mkaguzi alihesabu, akatia alama ya vema katika fomu zote mbili.

"Vizuri," alisema. "Sasa fukia, uchimbe mistari mitatu ya mashimo manane."

Zawena aliegemea jembe. "Bwana Mkaguzi, karatasi inasema nifukie?"

"Hufukiwa siku zote."

"Ndiyo. Lakini inasema?"

Bwana Kaditi aliisoma fomu. Akaigeuza nyuma, akaisoma upande usio na kitu, akairudisha mbele. "Inasema mashimo nane mara tatu yachimbwe," alisema. "Kisha inasema mashimo tatu mara nane yawepo. Kufukia haikutajwa."

Mtoto aliliweka jembe chini. Akatembea polepole pembeni mwa kiwanja, akapita kona, akasimama upande wa magharibi, akaelekea mashimo.

"Yapo, Bwana," alisema. "Njoo uhesabu."

Kwa dakika nzima mkaguzi hakusogea. Kisha akaenda, viatu vyake vizuri vikizama katika udongo, akasimama karibu na mtoto. Hakuna sheria Mstarini inayomkataza mtu kuzunguka kiwanja. Iliyopo ni ya trei. Alinyoosha kidole. Nilimwona akihesabu mstari mmoja, wa pili, wa tatu, na midomo yake ikitaja manane, manane, manane. Alirudia. Halafu akakiteremsha kidole, na aliposema hakuwa anamwambia mtu yeyote kati yetu.

"Mimi nilichimba mashimo sabini na mawili."

"Unasemaje, Bwana?" aliuliza Bibi Mwanaisa kutoka jiweni.

"Nilipokuwa darasa la nne. Nilidokoa tisa mara nne. Nilichimba thelathini na sita, nikafukia, nikachimba thelathini na sita mengine. Mkono huu ulitoa malengelenge mpaka sikuweza kushika kalamu." Alikuwa ameukunjua mkono wake wa kulia, anautazama. "Kisha nikatamka kwamba nimeona tofauti. Nikapewa kazi ya ukaguzi."

"Pole, baba," alisema yule bibi, na alimaanisha.

Bwana Kaditi alikohoa, akatia alama ya vema ya pili. Ikabaki sehemu ya mwisho. Aliisoma kwa sauti yake ya kazi, iliyokuwa imerudi: "Mkosaji atamke kama ameona tofauti au hakuona. Kama ameona, aieleze, nayo iandikwe."

Bibi Mwanaisa alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile alinitazama, kana kwamba ulimi wa mtoto ulikuwa mfukoni mwangu. Mwalimu Felista, aliyekuwa ameliacha somo na kuja kwenye dirisha la darasa, alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Zawena alirudi alikotoka, akasimama, akatazama mashimo. Akaja tena upande ule wa magharibi, akatazama. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Nimeona tofauti," alisema.

"Ipi?"

"Kule jua lilikuwa linanipiga ubavuni. Huku linanipiga machoni."

Mkaguzi aliangalia juu, mkono ukiwa kwenye paji la uso, akahakikisha. Kisha akaandika, neno kwa neno, katika fomu ya ofisi na katika fomu ya mkosaji. Fomu haikuwa na mahali pa kuuliza kama tofauti hiyo inatosha. Akapiga mhuri mara mbili, akaupuliza wino ukauke.

"Adhabu imelipwa yote," alisema, akamkabidhi Bibi Mwanaisa karatasi.

Bibi aliikunja, akaifunga katika pindo la khanga, akamtafuta mjukuu wake amwogeshe mikono. Hakumwona. Kengele ya kipindi cha nne ilikuwa imelia, na mtoto alikuwa amekwisha kuingia darasani na udongo wake vidoleni.